PIKAPU YA MKULIMA ISIPIMWE IKIWA TUPU



Mwezi huu sitaandika juu ya dawa ya viazi wala bei ya maziwa. Nataka kuandika juu ya pikapu, kwa sababu siku hizi katika skimu zetu pikapu imekuwa mfanyakazi mkubwa kuliko sote. Ndiyo ipelekayo viazi na kabichi sokoni, ndiyo irudishayo mbolea na chakula cha ng'ombe, na mtu akiugua usiku ndiyo impelekayo hospitali. Kitu chenye kazi nyingi namna hiyo hakifai kuchezewa.

Lakini naona kinachezewa. Wengi wetu, na hasa vijana wetu, wakishauza mavuno huipeleka pikapu Nairobi iinuliwe mbele mpaka pua ilingane na mkia, kisha hufungiwa tairi kubwa kuliko zile ilizotoka nazo kiwandani. Kazi hiyo hufanywa katikati ya mji, kwenye Barabara ya Kirinyaga ambayo wazee bado huiita Grogan, na pia katika magereji ya upande wa magharibi, huko Kangemi, Kawangware na Dagoretti Corner. Pikapu hurudi nyumbani imesimama kama beberu, na majirani hutoka nje kuitazama.

Maoni yangu ni haya, na nayasema wazi tangu mwanzo: kwa mkulima abebaye mzigo, kazi hiyo ni hasara, na siku nyingine ni hatari. Mwenye gari la kutembelea na afanye apendavyo, akishika sheria. Mimi nazungumza na mtu ambaye gari lake hupata riziki likiwa limejaa.

NILIVYOFANYA MIMI MWENYEWE

Sisemi haya kwa kusikia tu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Kijana wangu aliniambia, "Baba, gari letu limeinamisha pua kama nguruwe anayechimba viazi." Nikacheka, lakini maneno yale yakanikaa moyoni. Nilipouza viazi vya msimu ule nilishuka Nairobi, nikampata fundi mmoja ambaye sina haja ya kumtaja. Aliitazama pikapu ikiwa tupu, akainua mbele kwa kiasi cha vidole vitatu, akafunga tairi nne kubwa. Hakuniuliza nabeba nini, nami sikumwambia. Kama seremala angeliweka pima maji yake ubavuni mwa gari lile, angeliona limelala sawasawa kabisa. Nililipa kwa furaha.

Juma lililofuata nilipakia magunia 20 ya viazi ya kilo 50, yaani tani moja kamili, nikaondoka Kinangop saa nane usiku ili nifike Soko la Wakulima, yaani Marikiti, kabla ya mapambazuko. Tangu Flyover mpaka Kimende kila lori nililokutana nalo lilinimulika taa kwa hasira. Nilidhani madereva wale hawana adabu. Mimi mwenyewe niliona vizuri sana matawi ya miti ya kando ya barabara, lakini barabara yenyewe karibu na gari niliiona kwa shida.

Nilipofika Kangemi, kijana mmoja alitokea pembeni akivuta mkokoteni wa sukuma wiki usio na taa. Nilikanyaga breki kama nilivyozoea, lakini gari halikusimama pale nilipozoea. Lilisimama bampa likiwa limegusa mboga zake. Nashukuru Mungu hakuumia. Wala kijana yule hakunitukana. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mzee, taa zako zinatazama mbinguni."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nitafute maana ya jambo lile nililolipia fedha yangu. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza.

KWA NINI MKIA UKO JUU

Pikapu nyingi nyuma zina springi za vyuma bapa, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mtengenezaji huzipinda ili gari likiwa tupu mkia usimame juu. Hakufanya hivyo kwa kukosea, wala kwa kukosa kuona uzuri. Alijua kwamba siku moja utaweka tani moja pale nyuma, na springi zitashuka kwa sentimita kadhaa. Hapo ndipo gari litakapolala sawa, taa zitakapomulika barabara, na usukani utakapokuwa na uzito wake. Kwa maneno mengine, pikapu hupimwa ikiwa imepakiwa.

Wazee wenzangu watakumbuka zile Peugeot 504 za mizigo, ambazo miaka ya 1970 na 1980 zilijaa kila njia ya Kenya. Ikiwa tupu ilikwenda mkia juu kama bata anayetafuta chakula majini. Ukiipakia mizigo ilitulia barabarani. Hakuna mtu aliyemwambia fundi, "Niinulie pua ilingane na mkia." Tulielewa kwamba mkia ule ni nafasi ya mzigo.

Sasa mtu akiinua mbele ili gari tupu lionekane sawa, amekula ile nafasi. Siku ya kupakia, mkia utashuka palepale ulipokuwa ukishuka, lakini pua itabaki juu. Gari litakaa kama mbwa aliyeketi kwa matako. Uzuri utauona Jumapili uwanjani kwako, na ubaya utauona siku ya soko, usiku, mteremkoni.

JINSI MBELE INAVYOINULIWA

Yafaa mkulima ajue kinachofanywa chini ya gari lake. Pikapu nyingine, hasa za zamani, hazina springi ya mviringo mbele. Zina chuma kirefu kinachojisokota gurudumu linapopanda na kushuka. Fundi hukaza bolti moja kila upande, na pua ikapanda. Ni kazi ya muda mfupi, na kwa sababu hiyo watu hudhani ni kazi ndogo. Katika pikapu zenye springi za mviringo, fundi huweka kipande kinene cha chuma au plastiki juu ya springi. Kipande hicho mafundi hukiita spesa.

Kwa njia zote mbili springi yenyewe haikupata nguvu mpya. Imewekwa tu mahali ambapo haikukusudiwa kukaa. Mikono inayoshika magurudumu sasa imeinama chini kuliko zamani, na nafasi ya gurudumu kushuka shimoni imepungua. Ndiyo maana gari lililoinuliwa hivyo hugonga "ko!" kila linapoingia shimo. Katika pikapu zinazovuta kwa magurudumu manne, vile viungo vya ekseli za mbele huzunguka vikiwa vimepinda kupita kiasi. Mipira inayovifunika hupasuka mapema, grisi humwagika, matope huingia, na kiungo hufa. Tena magurudumu ya mbele hayasimami wima kama kwanza. Yasipopimwa upya na kunyoshwa kwa mashine, tairi zitaliwa upande mmoja, na zile tairi kubwa ulizonunua kwa fedha nyingi hazitamaliza mwaka zikiwa nzima.

HESABU YA TAIRI

Nakuombeni msichoke na hesabu, maana mkulima asiyejua hesabu hulimia wengine.

Tazama ubavu wa tairi. Chukua kipimo kinachoonekana sana kwenye pikapu za dizeli, 245/70R16. Ile 245 ni upana kwa milimita. Ile 70 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. Ile 16 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Ukikokotoa, tairi hiyo ina kimo cha milimita 749 kutoka ardhini mpaka juu. Vijana wetu huibadili wakaweka 265/75R16, ambayo kimo chake ni milimita 804. Tofauti ni milimita 55, yaani zaidi kidogo ya asilimia 7.

Asilimia 7 yaonekana ndogo, lakini tazama kazi yake. Kwanza, kipima mwendo hakijui kwamba umebadili tairi. Kama kilikuwa sahihi mwanzoni, mshale ukionyesha kilomita 80 kwa saa, wewe kwa kweli unakwenda karibu 86. Ukionyesha 50, unakwenda zaidi ya 53. Polisi akikusimamisha, usimlaumu yeye wala chombo chake.

Pili, ile saa ya kuhesabu kilomita nayo husema uongo. Ikikuonyesha kilomita 10,000, gari limetembea zaidi ya 10,700. Utabadili oili kwa kuchelewa, na utadhani gari limeanza kunywa dizeli kuliko zamani kumbe safari ni ndefu kuliko unavyoandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari lenyewe likiwa na namba za uongo?

Tatu, injini. Gurudumu kubwa ni kama gia ndefu. Kinangop iko karibu mita 2,500 juu ya bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,700. Kila tukirudi kutoka sokoni tunapanda karibu mita 800, na mara nyingi tumebeba mbolea. Pale ulipopanda kwa gia ya tatu, sasa utashuka gia ya pili, na klachi yako itaisha upesi.

Nne, na hili ndilo kubwa, breki. Kiatu cha breki na diski yake havikukua, lakini gurudumu limekua na limekuwa zito. Ni kama kujaribu kuzuia mti mrefu kwa kuushika karibu na shina huku mwenzako anausukuma kutoka kileleni. Kadiri mti unavyorefuka ndivyo mkono wako unavyoshindwa. Ukitaka gari lisimame mahali palepale, lazima ukanyage zaidi, na breki hupata moto zaidi. Tukitoka kwetu kwenda sokoni tunateremka zile mita 800 tukiwa na mzigo kamili. Mtu anayepunguza nguvu ya breki zake katika safari kama hiyo amefanya biashara mbaya, hata kama tairi amepewa bure.

HESABU YA TAA

Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma katika pikapu ni karibu mita 3. Ukiinua mbele kwa sentimita 5 tu, mwanga wa taa utapanda mita 1 nzima utakapofika mbele mita 60. Mita 1 yatosha kuutoa mwanga chini barabarani na kuutia machoni mwa dereva anayekuja. Hapo bado hujapakia. Magunia yakishusha mkia kwa sentimita nyingine 5, mwanga unapanda mita 2. Sasa nimeelewa kwa nini yale malori yalinimulika, na kwa nini sikumwona kijana wa mkokoteni. Sikumwona kwa sababu taa zangu zilipita juu ya kichwa chake.

Ndugu zangu, tunaingia Nairobi kwa Waiyaki Way, tukipita Kikuyu, Kangemi na Westlands. Kabla ya jua kutoka, kando ya njia hiyo pana watu wengi wanaokwenda kazini kwa miguu, pana bodaboda, na pana mama wanaongoja mboga zetu hizi hizi ili wakauze. Hao ndio wateja wetu. Wahenga walisema ukitaka uzuri sharti udhurike. Lakini katika jambo hili atakayedhurika si yule aliyetaka uzuri. Ni mtu wa pembeni ambaye hakuulizwa.

"LAKINI BARABARA ZETU ZINA MATOPE"

Najua mtakavyonijibu. Mtasema kwamba mwandishi huyu hajui njia za skimu wakati wa mvua ndefu. Nazijua. Nimelala njiani na maziwa yakachacha. Tena nakubali kwamba tairi yenye meno makubwa husaidia katika matope, na kwamba mtu anayekwama kila juma ana haki ya kutafuta dawa.

Lakini tuangalie dawa hii inatibu nini. Kinachokwama katikati ya njia iliyochimbika kwa magurudumu ni lile boga la chuma la nyuma, ambalo mafundi huliita difu. Difu limefungwa kwenye ekseli, na ekseli imekaa juu ya magurudumu. Ukiinua pua ya gari, difu halipandi hata unywele mmoja. Ukiinua bodi yote mpaka mawinguni, difu litabaki palepale. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, nayo huliinua kwa nusu ya tofauti ya kimo. Katika mfano wangu nusu hiyo ni milimita 27. Hiyo ni kama kidole kimoja na nusu. Umelipa fedha ya ndama mzuri ili upate kidole kimoja na nusu.

Kisha tairi pana si mara zote bora matopeni. Palipo na tope jembamba juu ya ardhi ngumu, tairi nyembamba yenye meno hukata mpaka chini ikashika, na pana huelea juu na kuteleza. Yule fundi wa mjini hazijui njia zako. Wewe ndiye unayezijua.

Wako pia wanaosema, "Mbona magari ya Safari Rally yameinuliwa?" Tangu mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakikimbiwa upande wa Naivasha karibu na kwetu, vijana wengi wameyaona magari yale kwa macho yao. Ni magari mazuri. Lakini kila springi, kila breki na kila tairi ya gari lile vimetengenezwa pamoja kwa kazi moja, na nyuma yake liko kundi la mafundi wanaolikagua mara kwa mara. Tena hakuna gari la rally lililowahi kushinda likiwa na magunia 20 ya viazi mgongoni. Wengine wameona picha za pikapu kubwa za Marekani zilizosawazishwa pua na mkia. Nyingi kati ya zile hutumika kama gari la kutembelea. Tusiazime vazi la mtu ambaye kazi yake si yetu.

LIFAALO KUFANYWA

Kumkataza mtu bila kumwonyesha njia nyingine si kazi ya gazeti la wakulima. Kwa hiyo nasema mambo sita ambayo mimi mwenyewe nayafanya sasa.

Kwanza, jua uzito wa mzigo wako. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Anayepakia lumbesi anadanganywa mara mbili: mnunuzi anamwibia kwa kipimo, na gari lake linabeba uzito asioujua. Magunia 20 ya kilo 50 ni tani moja. Magunia 20 ya lumbesi hakuna ajuaye ni tani ngapi, mpaka springi ikatike.

Pili, panga mzigo vizuri. Vizito viwe mbele karibu na kibanda cha dereva, wala visirundikwe nyuma kupita ekseli. Mzigo uliopita ekseli huinua pua na kuufanya usukani uwe mwepesi, na usukani mwepesi mteremkoni ni adui. Tena rundo refu juu ya gari refu hupinduka upesi kwenye kona.

Tatu, kama mkia wa gari lako unashuka mno ukipakia, shida iko nyuma, haiko mbele. Mwambie fundi akague zile springi bapa, labda moja imevunjika au zimechoka kwa umri. Badilisha zilizochoka kwa kipimo kilekile. Lakini kumbuka kwamba kuongeza chuma kimoja cha springi hakuongezi nguvu ya ekseli, wala ya fremu, wala ya breki. Gari la tani moja litabaki gari la tani moja.

Nne, nunua tairi za kipimo cha gari lako, za aina ya kubeba mizigo, zenye meno yafaayo kwa njia zako. Karibu na kipimo utaona namba ya uzito. Namba 100 maana yake tairi moja inabeba kilo 800, na 111 maana yake kilo 1,090. Mtu akikuuzia tairi kubwa inayong'aa yenye namba ndogo kuliko ya kiwandani, amekuuzia pambo. Tazama pia tarehe: zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni huonyesha juma na mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Usikubali tairi nzee kwa sababu tu imepakwa rangi nyeusi.

Tano, pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko ambacho magari mengi huwa nacho mlangoni kwa dereva, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Tairi isiyo na upepo wa kutosha chini ya tani moja hupata moto na kupasuka.

Sita, tutengeneze njia zetu. Matope hayaletwi na kimo cha gari. Yanaletwa na maji yasiyo na pa kwenda. Wakulima wa mstari mmoja wakijitokeza siku mbili kabla ya mvua na majembe yao, wakazibua mifereji na kujaza mawe mahali pabaya, kila gari litapita, hata la yule asiye na fedha ya tairi. Tangu watu walipogawiwa mashamba katika Skimu ya Ekari Milioni Moja, iliyoanza mwaka 1962, njia nyingi za ndani zimesimama kwa mikono ya wenyewe. Kazi hiyo haikuisha na baba zetu.

JUU YA SHERIA NA BIMA

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake zote, pamoja na taa na tairi, ziwe katika hali isiyohatarisha watu. Siku ya ajali hutaulizwa kama gari lilikuwa zuri. Utaulizwa kama taa zilimulika pale zinapotakiwa na kama breki zilitosha. Mwenye kampuni ya bima naye hutaka kujulishwa mabadiliko makubwa ya gari. Soma hati yako kabla ya kumpelekea fundi fedha, na uulize kwa barua ili ujibiwe kwa barua.

Na kama baada ya haya yote bado mtu ana sababu ya kweli ya kuinua gari, basi alifanye jambo zima. Ainue mbele na nyuma pamoja kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa gari la namna hiyo, magurudumu yapimwe kwa mashine, mabomba ya breki yaangaliwe kama yanatosha urefu, kipima mwendo kirekebishwe, na taa zishushwe gari likiwa limepakiwa. Azungushe usukani mpaka mwisho kulia na kushoto aone kama tairi inagusa bodi. Yangu iligusa, nami niliijua siku hiyo hiyo Marikiti, nilipokuwa nikikata kona katikati ya mikokoteni na harufu ya mpira ikaanza kunukia.

Siwalaumu mafundi wa Kirinyaga wala wa Kangemi. Wengi wao ni watu hodari, na kazi wanayoifanya kwa spana chache chini ya jua kali ni ya kustaajabisha. Lakini fundi hufanya alichoagizwa. Ukimpelekea gari tupu, atakutengenezea gari tupu. Mwambie unabeba nini, kilo ngapi, saa ngapi na njia ipi. Fundi mwema akisikia hayo atakwambia mwenyewe, "Mzee, hii pua iache ilivyo."

Mimi niliirudisha yangu. Ile bolti ililegezwa mpaka alama yake ya kwanza, tairi kubwa nikaziuza kwa hasara, na taa zikapimwa ukutani magunia yakiwa ndani. Kijana wangu hakufurahi siku ile. Lakini sasa yeye ndiye anayeendesha kwenda sokoni usiku, na juzi alirudi akaniambia kwamba tangu Flyover mpaka Westlands hakuna lori lililommulika. Pikapu ikiwa tupu bado imeinamisha pua kama nguruwe. Na iiname. Ikijaa, inatazama barabara.